Utepe Uliobaki Katika Beseni

Wiki iliyopita, sokoni hapa Likasi, mama mmoja muuza javeli, yale maji makali ya kuweupisha nguo, alinifungulia chupa yake ili ninuse ukali wa dawa. Ndivyo wanavyofanya siku hizi, kwa sababu wako wanaouza maji matupu yaliyotiwa harufu. "Nusa, mama," alisema, "hii yangu haiko ya kuchezea." Nikanusa. Nikaishika meza yake, na chupa tatu zikaanguka. Yule mama alidhani ile harufu imenipanda kichwani. Akanipepea kwa kipande cha katoni, akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ni jua tu. Tukacheka. Lakini sikununua, na njia nzima ya kurudi nyumbani sikuwa tena mama wa watoto watatu. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama nyuma ya jiko la nyumba yetu ya mtaa wa Panda, naangalia ndani ya beseni, na nilichokiweka hakimo.

Nilikuwa nimeweka shali. Aliifuma mama yangu mzazi wakati nimo tumboni mwake. Alijifunzia kufuma kwa masista wa parokia, na sufu yenyewe kaka yake alimletea kutoka Lubumbashi, mabonge manne, nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Shali ilikuwa na vitundu vilivyopangwa kama maua, na pembeni, kuizunguka yote, alipitisha utepe wa satini akaufunga fundo moja dogo kwenye kona. Nilibatizwa nimefungwa ndani yake. Mama alipougua, ugonjwa wa siku chache tu, aliniita kitandani nikiwa na miaka sita. Aliniambia shali ni yangu, na watoto wangu wote watabatizwa nayo. Nami nikamwuliza kama naweza kwenda kucheza. Alisema nenda. Sikumsikia tena akisema.

Shali ilikaa ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na sindano zake mbili za kufumia na nusu bonge la sufu iliyobaki. Kila nilipopigwa shuleni au kunyimwa kitu nyumbani, nilifungua mkebe nikatia pua ndani.

Papa alikaa miaka miwili bila mke, kisha akamwoa Mama Ngalula. Alikuwa binti mdogo bado, wa watu wetu wa Kasai, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Sikumchukia kwa sababu alinitesa. Hakunitesa. Nilimchukia kwa sababu ya javeli. Mama yangu alifua kwa sabuni ya kipande na jua. Mama Ngalula alifua kwa sabuni, jua, na kifuniko kimoja cha javeli, na mashati ya Papa, ambayo karakana ya kiwanda ilikuwa imeyafanya rangi ya udongo, yakaanza kurudi meupe hata majirani wakasimama kwenye lupango, ua wa nyumba yetu, kuyaangalia kwenye kamba. Sakafu aliipiga javeli. Ndoo aliipiga javeli. Nyumba nzima ikanuka yeye, na mimi nikaona, kwa akili zangu za miaka tisa, kwamba mwanamke huyu amekuja kumfuta mama yangu chumba kwa chumba.

Yeye mwenyewe aliiogopa ile dawa. Papa pia alinikataza kabisa kuishika, kwa sababu mtoto wa jirani aliwahi kurukiwa nayo machoni. Shati likichanika mgongoni kabla ya wakati, Mama Ngalula alitikisa kichwa: "Ile maji inakulaka nguo, mutoto. Ukitiamo mingi, inakula." Nilidhani ni maneno tu, kama mtu anavyosema kutu inakula chuma, au deni linakula mtu. Siku moja tone liliruka likaangukia sketi yangu ya buluu ya shule, na palepale pakawa doa jeupe lenye wekundu pembeni, mfano wa kidonda kinachopona. Nililia mpaka nikakohoa. Mama Ngalula alichukua kalamu ya wino wa buluu, akaketi kizingitini, akalipaka lile doa polepole, nukta kwa nukta, mpaka ukitazama kutoka mbali huoni kitu. Sikumshukuru. Nilisema moyoni kwamba kwanza anaharibu, halafu anaficha.

Kisha akazaliwa Trésor, ndugu yangu mdogo, na Papa akapanga ubatizo. Jioni moja tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, aliweka tonge chini akaniangalia kama mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi.

"Ile shali ya mama yako," alisema. "Iko yako, haiko yangu. Njo maana niko nakuuliza weye. Tunaweza kubatiza mudogo yako nayo?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu namna ile. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

"Aksanti, mama," Mama Ngalula akaniambia kwa sauti ya chini. Aliniita mama kwa heshima. "Utanipatia kesho kutwa, ntaifula minye. Inaanza kuwa manjano."

 Akishaishika, nilijiambia, haitarudi. Ataipiga javeli yake mpaka harufu ya mama iishe. Na bado lile neno "manjano" lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli: kwenye mikunjo shali ilikuwa imegeuka rangi ya jino bovu. Nilitaka siku ya ubatizo watu waione kutoka mlangoni mwa kanisa, waulize nani aliifuma, na Papa alitaje jina la mama yangu mbele ya wote. Basi nikaamua kuifua mwenyewe, mapema kuliko yeye.

Jumamosi asubuhi alimfunga mtoto mgongoni akaenda sokoni. Chupa ya javeli ilikuwa juu ya ukuta wa jiko. Nilipanda juu ya kigoda nikaitelemsha. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama kifuniko kimoja kinaweupisha mashati matano, chupa nzima itafanya nini? Niliimwaga yote ndani ya beseni bila maji. Nikaweka shali, nikaibonyeza kwa kijiti mpaka ikazama. Mara vipovu vidogo vikaanza kupanda pembeni mwa utepe, na nilipogusa beseni kwa nje nikasikia lina joto. Nilifurahi. Dawa inafanya kazi, nikasema. Nikafunika beseni kwa sinia, nikaweka tofali juu ili kuku wasije, nikaijaza chupa maji ya ndoo na kuirudisha mahali pake. Halafu nikachukua dumu nikaenda kupanga mstari wa maji kwa jirani, maana bomba letu lilikuwa kavu tangu siku mbili.

Mstari ulikuwa mrefu. Niliporudi jua lilikuwa limeshapita kichwani. Mama Ngalula amesharudi, anatwanga sombe, majani ya muhogo, chini ya kivuli cha ukuta, Trésor amelala kwenye mkeka. Nikapita nyuma ya jiko. Tofali lilikuwa juu ya sinia kama nilivyoliacha. Nikaliondoa. Nikaliinua sinia.

Mlikuwa na maji ya rangi ya chai nyepesi, na povu kidogo. Juu ya maji ulielea utepe. Ulikuwa mweupe sana, mzuri kuliko nilivyowahi kuuona, na fundo lake dogo lilikuwa bado limefungwa. Shali haikuwemo.

Niliingiza mikono yote miwili nikapapasa. Sijui nilidhani imejificha wapi, beseni lilikuwa na kina cha mkono wa mtoto. Vidole vikawa vinateleza kama nimeshika samaki. Nikaangalia chini ya sinia. Nikaangalia nyuma ya tofali. Nakumbuka kwamba niliangalia hata juu, kwenye bati. Kisha damu yote ikanipanda, nikatoka na ule utepe unachuruzika.

"Shali yangu iko wapi?"

Mama Ngalula alisimamisha mchi hewani. "Shali gani?"

"Ya mama! Uliipeleka wapi?"

"Mutoto, minye sikugusa beseni yako. Nilifika, niliona tofali juu, niliacha vile."

"Uliiba! Uliiba!"

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Majirani waliingia, wengine na unga mikononi. Papa alipofika juu ya baiskeli lupango lilikuwa limejaa. Alinishika mabega, akaniuliza kwa utaratibu, neno moja moja, kama alivyozoea.

"Ndani ya beseni ulitiamo nini?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoa watu wote. Lakini niliona kiboko, niliona kukatazwa, niliona ile chupa iliyojaa maji ya ndoo. "Sabuni," nikasema.

"Sabuni tu?"

"Sabuni tu, Papa."

Mama Ngalula aliinamia beseni. "Mbona inanuka javeli?"

"Bintu yako yote inanukaka javeli," nikamjibu, na mwanamke mmoja nyuma yangu akaguna kwa kukubali, kwa sababu ilikuwa kweli.

Walitafuta kila mahali. Walipokosa, akaitwa Tantine Bilonda, dada mkubwa wa Papa, ambaye katika ukoo wetu neno lake lilikuwa mwisho wa maneno. Alikuja na kikwembe chake, kitenge cha heshima, akaketi, akaomba utepe. Aliuinua juu kwa vidole viwili.

"Angalieni," alisema. "Muntu alitoa utepe, sababu utepe kila muntu anaujua. Sufu alibeba. Na nguo ya marehemu haipoteake bure. Kuko kazi inaenda kufanya."

Hakulitaja lile neno la uchawi, lakini wote walilisikia. Watu walirudi nyuma nusu hatua. Mama Ngalula alikuwa amesimama na mtoto kifuani, macho makavu, anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua.

"Tantine, kwa jina ya Mungu. Ningeifanyia nini?"

"Njo tunakuuliza weye."

Papa yangu alikuwa mtu wa kufungua mlango polepole ili bawaba zisilie. Sikuwahi kumsikia akimpigia mtu kelele. Alikwenda ndani, akatoka na valizi, sanduku la nguo la Mama Ngalula, akaifungua mbele ya watu wote, akaigeuza, akaitikisa. Kila alichokuwa nacho yule mwanamke duniani kilianguka kwenye vumbi. Vikwembe viwili. Blauzi iliyochakaa makwapani. Nguo ndogo za Trésor, zimekunjwa kwa mpango. Kitana. Na kifuko cha kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, ambacho Tantine Bilonda alikiokota haraka.

"Na hii?"

"Kitovu ya mutoto," alisema Mama Ngalula. "Ni kitovu yake ile ilianguka. Rudisha, Tantine. Tafazali."

Sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho; Tantine alikifunga kifuko katika kona ya kikwembe chake. Sikuelewa kwa nini sifurahi wakati nimeshinda. Shali haikuonekana, na kutoonekana kwake kukawa ushahidi mbaya zaidi: basi ameshaipeleka alikotaka. Kabla jua halijazama kaka yake alikuja kumchukua, akamfungia valizi kwa kamba, wakaenda na Trésor kwake, mtaa wa Kikula. Ubatizo ukafutwa. Papa hakumzuia. Alikaa kwenye kiti, mikono magotini, anaangalia mahali pale kwenye vumbi ambapo kitana kilikuwa kimeacha alama ya meno yake.

Zilipita siku tisa. Tantine Bilonda alikuja kutupikia na kutufulia. Alinikumbatia mno, aliniita yatima wake, akanipa nyama kubwa. Nami nilikula. Naliandika hili kwa sababu watu hupenda kusema mtoto mwenye hatia hukosa hamu ya kula. Mimi nilikula vizuri kabisa, maana sikujua kwamba nina hatia. Nilijua nimesema uongo mdogo juu ya sabuni. Lakini mwizi kwangu alibaki mwizi.

Siku ya kumi, Tantine alifungua mkebe wa biskuti akaliona lile nusu bonge. "Inatosha kofia," alisema. "Ntatafuta muntu akufumie. Utakuwa na kitu ya mama yako." Akatoka kwenda kwa jirani. Nami nikaona ile sufu nayo imeingia manjano, na chupa mpya ya javeli ilikuwa kwenye ukuta, Tantine ameinunua kwa ajili ya mashati ya Papa. Nikawaza: safari hii nitajaribu kidogo tu, kwenye glasi. Nikakata uzi mrefu kama mkono wangu, nikaudumbukiza kwenye javeli tupu, nikaketi kuangalia.

Kwanza vilikuja vipovu, vingi, vinashika uzi wote kama chumvi. Uzi ukaanza kujinyoosha kama kitu kinachosinzia. Kisha ukawa mwembamba. Nilidhani macho yananidanganya, nikaisogeza glasi kwenye mwangaza wa mlango. Uzi ukakatika katikati peke yake, bila mtu kuuvuta, na vipande viwili vikapanda juu vinatokota kimyakimya, na vikawa vifupi, na vikawa vumbi, na vumbi likawa halipo. Maji yakabaki rangi ya chai nyepesi. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba javeli tupu huyeyusha sufu, manyoya ya kondoo, na kuziacha pamba na satini ya kiwandani.

Nilikata uzi mwingine. Ukaenda vilevile. Nikakata mwingine, mrefu zaidi, nikauviringa kama kishali kidogo. Vilevile. Sikuweza kuacha. Kila uzi nilioutia nilikuwa namwomba Mungu huu ubaki, huu tu ubaki, ili mambo yawe kama nilivyoyajua. Nilipokuja kushtuka lile bonge lilikuwa limebaki dogo kama yai, na mimi ndiye niliyekuwa nimelila, uzi kwa uzi, kazi ya mwisho ya mikono ya mama yangu. Nikautoa ule utepe niliouzungusha mkononi kama bangili. Kwa mara ya kwanza nikaliangalia vizuri fundo lake. Lilikuwa bado limefungwa. Utepe uliopitishwa kwenye vitundu mia hauwezi kutoka mzima na fundo lake, hata mwizi awe na vidole vya malaika. Fundo lilikuwa limenionyesha ukweli tangu siku ya kwanza, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeliangalia.

Nilimwaga ile glasi nyuma ya jiko.

Sikusema siku ile. Wala iliyofuata. Hizo siku mbili ndizo ninazozionea haya hadi leo, kuliko uongo wenyewe, kwa sababu uongo niliusema kwa hofu ya ghafla, lakini hizo siku mbili nilijua. Nilipiga mahesabu: akirudi, atanichukia, asiporudi, nitasahau. Kilichonishinda ni kitu kidogo. Papa alirudi kutoka kazini, akavua shati, akalinusa kwenye kola kabla ya kulitundika. Alilinusa muda mrefu, amefumba macho. Nikajua anatafuta harufu ya nani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya vile, na pua yangu ndani ya mkebe.

"Papa," nikasema. "Haikuwa sabuni."

Nilimwonyesha. Sikuweza kueleza, ikabidi nitie uzi mbele yake. Alipiga magoti sakafuni, uso wake karibu na glasi, mtu aliyefanya kazi na asidi za kiwanda nusu ya maisha yake, na bado alitazama kama mtu anayeona nyoka akizungumza. Uzi ulipokwisha alinyoosha kidole akataka kuyagusa maji, nikamshika mkono. Hakunipiga. Laiti angenipiga.

"Nilimumwangia bintu yake chini," alisema. Hakuwa akizungumza na mimi. "Mbele ya bantu. Na kitovu ya mutoto wangu."

Kesho yake haikuwa siku ya mapumziko, lakini hakwenda kazini. Tulikwenda Kikula kwa miguu, yeye mbele na chupa ndani ya mfuko, mimi nyuma na lile yai la sufu. Mama Ngalula alikuwa uani kwa kaka yake, anaanika nepi kwa mkono mmoja, Trésor begani. Alikuwa amekonda. Aliponiona alifanya kitu ambacho hakijatoka akilini mwangu: alimfunika mtoto uso kwa mkono, kama mtu anayemkinga na upepo mbaya. Alimkinga na mimi.

"Ongea," Papa akaniambia.

Niliongea. Kaka yake alitoka ndani, wifi yake akatoka, na mimi nikasema yote: chupa, maji ya ndoo, sabuni ya uongo, glasi, siku mbili. Nilipomaliza nilingoja anipige au alie. Alisema tu, "Nionyeshe."

Tukatia uzi kwenye kikombe cha bati. Walikusanyika vichwa sita juu ya kikombe kimoja. Wifi yake alipiga yowe akajiziba mdomo. Kaka yake akasema, "Yesu!" Mama Ngalula alitazama mpaka uzi umekwisha kabisa. Kisha akaketi chini, pale pale kwenye udongo uliolowa maji ya nepi.

"Weye unajua?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mshangao kabisa, haikuwa na hasira. "Minye mwenyewe nilianza kuamini. Kila asubuhi nilikuwa nafungua valizi, niangalie kama haiko ndani. Nilikuwa najiuliza, labda niliibeba nikiwa kama nalala. Labda niko muntu mubaya, na sijue."

Papa alipiga magoti mbele yake. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamume akimpigia mkewe magoti, na shemeji zake wakigeuza nyuso pembeni kwa aibu ya kuona. Lakini maneno aliyoyasema Papa sikuyasikia, kwa sababu masikio yangu yalikuwa bado kwenye yale ya Mama Ngalula. Nilidhani neno la mtoto ni dogo. Nilidhani watu wazima wana kitu kigumu ndani yao, kama kokwa, ambacho wanajua kwacho walichofanya na ambacho hawakufanya. Kumbe nilikuwa nimemfikia mwanamke mzima mpaka ndani ya kokwa lake.

Hakurudi nasi siku ile. Alisema Tantine Bilonda aje mwenyewe, na waje wale majirani waliosimama. Tantine alikataa majuma matatu. Alisema hajawahi kuona maji yanayokula nguo ikaisha yote, na hawezi kuomba radhi kwa ajili ya glasi ya mtoto. Mwishowe Papa alimtilia uzi wa sweta ya sufu ya Tantine mwenyewe, ile ya msimu wa baridi, mbele ya macho yake.  Jumapili iliyofuata Tantine alikwenda Kikula na wale majirani, na kuku mweupe mkononi, kama desturi yetu inavyotaka, na kifuko cha kitambaa alikirudisha kwa mikono miwili.

Trésor alibatizwa mvua zilipoanza, amefungwa taulo jipya la kijani. Hakuna aliyeuliza nani alilifuma.

Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kumalizia kwamba tukapendana tangu siku ile. Haikuwa hivyo. Mama Ngalula alirudi, akapika, akanisuka nywele, akaniuguza nilipougua malaria. Lakini hakugusa tena kitu changu bila kuniomba. Kila mara, hata soksi. "Naweza kubeba sketi yako nifule?" "Naweza kusogeza daftari yako?" Alisimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma, akingoja nijibu. Hakuwa ananiadhibu, nadhani. Alikuwa anajilinda. Nilijibu ndiyo, Mama, ndiyo, kila siku, na kila siku ile adabu yake ilinipasua. Majirani walimsifu: angalieni jinsi anavyomheshimu mtoto wa mwenzake. Mimi nilijua ni kitu gani wanachokiona.

Ilikwenda hivyo miaka minne, labda mitano. Trésor alikuwa ameshaanza shule. Asubuhi moja nilikuwa natafuta blauzi yangu ya maua, niliyoishona mwenyewe na kuipenda kupita kiasi. Haikuwa kwenye kamba, haikuwa kitandani. Nikatoka uani nikiwa nimekunja uso, nikamkuta Mama Ngalula amesharudi kutoka sokoni, kikapu kichwani, anamcheka Trésor kwa jambo fulani. Alikuwa ameivaa, bila kuniomba. Ilimbana kifuani, kifungo kimoja kilikuwa karibu kuruka.

Aliona ninamtazama. "Eh, yangu ilikuwa bado mbichi," alisema, akapita na kikapu chake kwenda jikoni.

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na kulia kwa furaha mpaka Trésor akaja kugonga, akauliza nani amekufa.